Jinsi ya Kuigawa Namba Yako ya Kiraia Hail Nzima Ishibe

Anza asubuhi, kabla jua la Hail halijachachamaa. Kadi uliyopewa na Polisi ya Kifalme ya Oman itoe kwenye pochi, na usijisumbue kuirudisha. Utaitoa tena duka la pili.

Tuseme unataka udi. Kijana wa kaunta atakuuliza namba ya kadi kabla hajakuuliza harufu. Usimjibu "ya nini?" Hilo ni swali la wakorofi. Itaje taratibu, kwa sauti, ili na yule bwana aliye nyuma yako apate kuiandika bila taabu. Utapewa pointi, ambazo mimi hazijaninunulia hata ubani.

Duka la fotokopi usilipite. Nilitoa nakala zangu pande zote mbili, nikaandikiwa hesabu, baisa 400, kwenye mgongo wa karatasi. Nilipoigeuza nyumbani nikakutana na kadi ya bibi nisiyemjua, mtandio umemkaa vizuri. Najua mwaka aliozaliwa, jambo ambalo huenda mumewe hana habari nalo.

(Ndugu zetu wa Tanzania wametuzidi: namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho chao cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Shangazi yangu alikaa kwenye miaka 49 kwa muda mrefu sana, mpaka alipokwenda kusajili laini ya simu.)

Atatokea mjuaji akutajie Amri ya Kifalme namba 6 ya mwaka 2022, inayolinda taarifa za mtu na kutaka ridhaa yake ya wazi. Mwambie ridhaa umeshatoa: ulinyamaza. Akizidi, mwambie Wamarekani walikuwa wakiandika kwenye kadi zao za hifadhi ya jamii kwamba si za utambulisho. Mwaka 1972 wakaacha kuyaandika maneno hayo, wakapumzika.

Jioni, umejinyoosha barazani na kahawa yako, simu italia. Mtu mwenye adabu, salamu ndefu, "mzee wangu, napiga kutoka benki." Atakusomea namba yako ya kiraia yote, bila kukosea hata tarakimu moja. Hapo moyo wako utulie. Namba ya siri iliyoingia sasa hivi kwenye simu yako msomee na yeye. Si anakujua?