Hiyo Ndogo Tu, Mzee

Ukitaka kumjua mtu ambaye hajawahi kutengenezesha kitu cha alumini, msikilize akisema, "Si unachomelea tu?" Shemeji yangu alisema hivyo, kwa simu, akitafuna. Hata yule utingo wa Fuso aliyesababisha yote haya alisema hivyo, huku bado ameshika kipande cha bampa langu mkononi.

Tulikuwa kwenye foleni, nimesimama nyuma ya Fuso kwa heshima zote, dereva wake akaamua kurudi nyuma. Utingo akashuka kumwongoza: "Njoo, njoo, njoo!" Fuso likaja, likafika, likapitiliza, na yeye bado anasema njoo. Bampa likapasuka ubavuni, pale linapofungwa kwa bolti. Mambo ya bima msiniulize. Nina umri wa kutosha kujua foleni ipi ya kukaa na ipi ya kuikimbia.

Bampa lenyewe si hii plastiki ya siku hizi. Ni lile la mabomba, la aina wanayofunga Waaustralia kujikinga na kangaruu. Kangaruu sijawahi kukutana naye Dar es Salaam, lakini aliyekuwa na gari hili kabla yangu alijua anachofanya: alumini ina uzito wa karibu theluthi moja tu ya chuma, na haishiki kutu hata ukikaa Kigamboni ukapigwa na upepo wa chumvi mwaka mzima.

Nikalipeleka Gerezani. Gerezani ukimwambia fundi umevunjika moyo atakuuliza umevunjika wapi, akuunganishe. Kijana mmoja, miwani ya jua ya mtumba usoni badala ya kinyago, alilitazama bampa kwa mbali tu. "Hiyo ndogo tu, mzee." Mashine yake kaisuka mwenyewe kwa nyaya za shaba; akiiwasha, feni ya mama lishe wa jirani inapunguza mwendo. Akachukua rodi ileile ya kuchomelea mageti. Cheche moja, na palipokuwa na ufa pakawa na tundu la kupita kidole gumba. Akalitazama tundu, akanitazama mimi.

"Mzee, waliokuuzia hili bampa wamekupiga. Feki."

Si feki. Chuma ni kiungwana, kabla ya kuyeyuka kinaiva chekundu, kinageuka rangi ya chungwa, kinakupa muda wa kuondoa mkono. Alumini haiagi. Inakaa na weupe wake uleule mpaka nyuzi 660 za Selsiasi, halafu inakudondokea kwenye kandambili. Juu yake ina ganda jembamba la oksidi, lilelile linaloikinga na chumvi, na ganda hilo haliyeyuki mpaka upite nyuzi 2,000. Kwa hiyo ndani kumeshakuwa uji na juu bado kugumu. Na rodi ya geti ni chuma: hata ikikubali kushika, mchanganyiko wa chuma na alumini unapasuka ukiugonga kidogo. Haya yote nilielezwa baadaye, kwa bei nitakayoitaja nikishapoa.

Kwa wakati huo nilikuwa na washauri. Mmoja akasema tupige bati na ripiti. Mwingine akaapa kwa supaglu na magadi. Muuza kahawa akanishauri nilipeleke kwa wanaoyeyusha alumini na kufinyanga masufuria, na nadhani alikuwa sahihi kabisa, ila nisingerudi na bampa. Na pembeni, tangu cheche ya kwanza, alisimama muuza skrepa na mizani yake, mpole, hana haraka. "Alumini inalipa kuliko chuma, mzee wangu." Kila fundi niliyemwendea, nikigeuka namwona. Tundu likiongezeka, anatabasamu.

Mwishowe nikaelekezwa kwa wale wanaochomelea rimu na maganda ya giaboksi. Banda dogo, limezibwa upepo pande zote. Huyu hakusema ndogo. Aliinama, akapitisha kidole kwenye tundu, akauliza kama daktari aliyeletewa mgonjwa kutoka kwa mganga: "Nani kaligusa?"

Akatoboa kijitundu kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea. Akausaga ukawa mfereji. Akaosha mafuta yote, akasugua kwa brashi ya waya usioshika kutu anayoificha mfukoni, maana imetengwa kwa alumini tu na vijana wa mageti huwa wanaiazima bila kuaga. Mashine yake inageuzageuza mwelekeo wa umeme: ukienda huku unavunja lile ganda, ukirudi unayeyusha. Na muda wote gesi ya argoni inafunika pale panapoiva, hewa isipate nafasi ya kutengeneza ganda jipya.

Hiyo argoni ndiyo iliyonimaliza. Mbona bei kubwa? Argoni, mzee. Mbona mpaka kesho? Argoni. Nikamwambia hiyo gesi imo kwenye hewa, karibu asilimia moja ya pumzi tunayovuta bure. Akanipisha mbele ya bampa. "Basi puliza."

Nikalipa.

Kazi ilitoka safi, mstari umejipanga hata ukatamani usipake rangi. Wakati nawasha gari ndipo akaegemea dirishani na kunipa habari iliyobaki: alumini iliyokomazwa kwa joto ikichomelewa, pembeni ya mshono inalegea. "Kwa hiyo mzee, usilivutie kitu. Wala usisukumie."

Sijakaa nalo wiki, jirani kaja getini asubuhi, gari lake limegoma kuwaka. Hataki betri yangu, hataki waya. Anataka nimsukume kidogo kwa nyuma, maana, anasema huku akilipiga makofi bampa langu pale pale kwenye mshono, gari lenye kitu kama hiki halishindwi. Nimemwambia hili ni la kangaruu tu. Sasa haniamkii.