Sifa za Mavi ya Ng'ombe

Washairi wetu wamesifu mnazi, wakasifu jahazi, wakawasifu wapenzi hadi wino ukaisha. Mavi ya ng'ombe hayakupata mtu. Leo nayasimamia mimi, na anayeziba pua aendelee kuziba.

Twende Oloipiri, kule Loliondo, wilayani Ngorongoro. Masika yameshuka, maji yamepenya paa la nyumba ya Kimaasai, sasa yanadondoka jikoni, yaani katikati ya nyumba, penye mafiga. Hapigiwi fundi simu. Mwenye nyumba ni mama, kwa kuwa ndiye aliyeijenga tangu ufito wa kwanza. Anaingia zizini, anazoa mavi mabichi, anayakanda na majivu, kisha anakandika palipovuja. Mume naye hakai bure: anatoa maoni. Jua likiwaka juu na moshi ukifuka chini, kiraka kinashika.

Huo si uchafu, ni ufundi. Ng'ombe hucheua majani mpaka yanalainika, lakini nyuzinyuzi zake haziishi tumboni, na ndizo zinazozuia kiraka kupasuka kikikauka. Harufu nayo hukauka humo humo. Na kiwanda chenyewe kinarudi nyumbani jioni kwa miguu yake minne, bila kudai malipo ya awali.

Sasa aletwe mshindani: kaunta ya jiko la mjini, chipubodi iliyovishwa fomaika yenye sura ya marumaru. Ndani yake ni chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Bomba la sinki likivuja kidogo tu, maji huingia ukingoni, gundi huachia, chembe hufumuka, kaunta huvimba; na ikishavimba, uianike utakavyo, hairudi. Fundi atakuja Jumatatu. Jumatatu ipi, hakusema. Akifika atauliza kwa huruma, "Bosi, nani alikufungia hii?" Kisha atashauri ing'olewe yote, iwekwe tarazo, kingo zizibwe kwa silikoni. Ushauri mzuri, na bei yake inafanana nao.

Wabishi watasema kiraka cha mavi hakidumu, masika mengine paa litavuja tena. Litavuja, na zizi litakuwa pale pale. Kasoro ninayoikubali ni moja: ukame ukikaza, ng'ombe huswagwa mbali kutafuta malisho, na mama hubaki na paa bovu bila dawa. Ila ukame ukikaza, paa halivuji.