Namna ya Kuhamia BCom Bila Kuaibisha Ukoo

Kwanza, pata chuo cha kukihama. Ukiwa Talatala, Kyela, na EGM yako ya kidato cha sita mkononi, omba ualimu wa hisabati. Miongozo ya Bodi ya Mikopo imezoea kuuweka kundi la kwanza la kipaumbele. Biashara inaufuata kwa mbali. Mpango ni mwepesi: ingia kwa ualimu, pata bumu, kisha hamia Shahada ya Biashara pale Mlimani ukiwa umeshiba. Una kasoro moja tu: kila mtu anaujua.

Pili, vizia dirisha la uhamisho. Hufunguliwa siku chache, vyuo vikiwa ndiyo kwanza vinapokea wanafunzi. Tangazo utaliona kwenye kundi la WhatsApp la shule yenu ya zamani, muda wake ukiwa umeisha na watu watatu wakiwa wameshaandika "Amina". Kwa hiyo safiri mapema: Kyela, Tukuyu, Mbeya, halafu basi la Dar. Beba mchele. Mchele ni wa mwenyeji wako Kimara, si wa ofisini. Huko mlangoni kuna bango la TAKUKURU.

Tatu, barua, na hapa usiwe na haraka. Chuo chako kitataka kuona kwanza kwamba uendako wamekupokea. Uendako watataka kuona kwanza kwamba utokako wamekuachia. Wote wako sahihi, na wote watakueleza hivyo kwa upole. Nenda masijala. Toa shikamoo kabla hujatoa bahasha. Mama wa mapokezi ataisoma barua yako hadi mwisho, atageuza nyuma kuona kama kuna kingine, ataigonga mhuri wa IMEPOKELEWA, kisha ataiweka juu ya nyingine zenye mhuri uleule. Usimwulize itajibiwa lini. Uliza, "Nirudi lini, mama?" Atasema Ijumaa. Usidadisi ni Ijumaa ipi. Wanaodadisi huambiwa mhusika yuko kwenye kikao.

Nne, tofautisha sifa na nafasi. Sifa unazo: mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) unasema hivyo, na baba yako ameshawatangazia watu wa kanisani. Nafasi ni kiti kitupu, na kozi zinazogombaniwa hujaa kabla anayehama hajashuka kwenye basi. Kiti kitakachobaki ni cha kozi ambayo jina lake utalisikia siku hiyo. Usikipokee kwa hasira.

Hapo ndipo atakapotokea mtu anayemjua mtu. Ataletwa na mjomba, atavaa vizuri, ataongea kana kwamba udahili unafanyikia sebuleni kwake. Tangu 2017 maombi ya shahada hupelekwa moja kwa moja vyuoni. Yeye atakuambia ana njia fupi zaidi ya hiyo. Akikupa namba ya simu ya kutumia hela, litazame jina linalotokea kabla hujabonyeza. Halitakuwa lake.

Halafu mkopo. Watu husahau kwamba mkopo hauhami kwa sababu wewe umehama. Ulipangiwa ukiwa mwalimu mtarajiwa, kwenye chuo kile, kwenye kozi ile. Itabidi uifuatilie Bodi nayo, na wakati unafuatilia utakula. Ukipiga simu nyumbani utaambiwa kakao ipo ghalani, inasubiri mnada, na baada ya mnada inasubiri malipo. Usimkatishe mzee akikueleza utaratibu huo; ndiye pekee anayeelewa unachopitia.

Dirisha likifungwa, rudi kwenye ualimu wako kabla ya tesiti ya kwanza, na omba noti kwa jirani bila kueleza sana. Likizo ukienda Talatala utaulizwa njia nzima kama umeshaingia biashara. Jibu, "Bado nafuatilia." Jibu hilo linadumu miaka mitatu, na shahada nayo ni ya miaka mitatu.