Sifa za Ukuta Mwembamba

Pwani mnazi umesifiwa beti kwa beti mpaka ukajiona sultani. Huku kwetu Machakos maembe yana watetezi wake, na ng'ombe dume hawakosi wa kuwaimbia. Ukuta wa ploti haujawahi kutolewa hata sentensi moja ya heshima. Mimi nina deni nao, na leo nalilipa.

Ukuta ninaousema ni wa mawe ya inchi nne, na plasta yake imepakwa kama siagi kwenye mkate wa kukopa. Jirani akipiga chafya, mimi ndiye ninayesema pole. Wapangaji wengine humlaumu landilodi, lakini hawajafikiri vizuri. Malori ya mchanga hutoka kwenye mito ya Ukambani yakielekea Nairobi kujenga magorofa, nasi tunajengewa na kinachomwagika njiani. Ni mgawo wa haki kabisa: magorofa yamepata siri, sisi tumepata majirani.

Tarehe 27 Machi 2020 kafyu ya korona ilianza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Jirani yangu, ambaye ni kinyozi, akawa anafunga duka kukiwa bado na mwanga, anarudi na flashi kutoka duka la muvi, anawasha wufa. Usiku wa pili nilisikia mwanamume akiita kwa uchungu mkubwa: "Nairobi! Nairobi!" Mkazi wa Machakos akisikia neno hilo likiitwa mara mbili hujua kuna matatu iliyobakisha viti viwili. Nikajiuliza ni makanga gani huyu anayevunja kafyu ndani ya chumba cha kinyozi. Kisha risasi zikalia. Makanga wetu hawafiki huko, hata wiki ya Krismasi.

Hivyo ndivyo nilivyoijua La Casa de Papel, ambayo vijana huiita Money Heist, mchezo wa Uhispania uliobuniwa na Álex Pina na kuanza kuonyeshwa 2017. Wezi waliojipa majina ya miji, Tokyo, Berlin, Rio, Denver, wanaingia kiwanda cha kuchapisha noti cha Madrid. Hawachukui pesa za mtu. Wanajifungia humo na mateka, wanajichapia zao, na huko nje Profesa anawaongoza kwa simu. Msimamizi wa uchapishaji ni mwanamke anayeitwa Nairobi. Aliyemtungia jina hilo anaujua mji wetu mkuu kuliko alivyokusudia.

Sasa tazama ubora wa ukuta. Mlango ukifunguliwa, mwenye runinga anaona papo hapo ni nani aliyeingia. Mimi nilisikia bawaba, nyayo, pumzi, halafu kimya, na jina nikalipata baada ya dakika tatu. Dakika hizo tatu nilizila polepole kama mfupa wa mwisho sahanini. Sisi tuliokulia kwenye redio, tukisikiliza Je, Huu ni Ungwana?, tunajua kwamba jambazi asiyeonekana ni mkubwa kuliko mlango. Ukuta wangu ulimpa kila mwizi kimo chake kamili.

Tena ulikuja na mfasiri wake. Kinyozi alikuwa na mpenzi aliyekwama huko kwa ajili ya kafyu, binti mwenye kipawa cha kutoelewa filamu. "Huyu naye ni nani? Si walimpiga risasi?" Kinyozi anasimamisha picha, anaeleza kwa Kiswahili, hasira ikimzidi anamalizia kwa Kikamba. Yule binti aliuliza maswali yangu yote, isipokuwa usiku ambao inspekta alikuwa akinywa kahawa na Profesa yuleyule anayemsaka, bila kujua. Binti hakuuliza kitu. Nilikuwa nimeinua ngumi nigonge, nimkumbushe.

Alfred Mutua, aliyebuni mchezo wa polisi wa Cobra Squad kabla ya kuwa gavana wetu wa kwanza 2013, aliota kuipa kaunti Machawood yake. Laiti angetupitia. Ukumbi ulikuwa umeshasimama: vyumba kumi na viwili, choo kimoja.

Sehemu ya nne ya Money Heist ilitoka tarehe 3 Aprili. Tarehe 6 serikali ikafunga barabara za kuingia na kutoka Nairobi, na stegi yetu, ambayo haijawahi kunyamaza, ikanyamaza. Kwa wiki kadhaa mahali pekee mjini palipokuwa pakiitwa Nairobi ni nyuma ya mto wangu. Halafu, usiku mmoja, bunduki moja tu, kisha kimya kirefu. Nilisikia kinyozi akivuta makamasi. Binti, kwa mara ya kwanza, hakuwa na swali. Nikakaa kitandani gizani nikaelewa kwamba huko nje Nairobi imefungwa, na humu ndani Nairobi amekufa.

Maendeleo hayachelewi kuharibu mambo. Kinyozi alinunua hedifoni. Siku tatu niliusikiliza ukuta mtupu kama daktari aliyepoteza mgonjwa, kisha nikashindwa, nikapeleka flashi yangu duka la muvi, nikaanza upya kwa macho. Nilijuta. Yule Profesa niliyemchonga mwezi mzima, mzee mzito mwenye kitambi na sauti ya mwalimu mkuu, kumbe ni kijana mwenye miwani anayeisukuma puani kwa kidole. Nilivumilia episodi mbili. Ya tatu nikaigeuza runinga ikatazama ukuta wa upande wa pili, nikapandisha sauti, nikajilaza.

Walipoanza kumwita yule mwanamke, ukuta ukagongwa. Nikajua ni malalamiko, nikanyoosha mkono kupunguza.

"Mwanangu," akasema mama wa chumba cha tatu, "kwani Nairobi imefunguliwa?"