Hodi kwa Milango Tisa

Muulize seremala mlango ni nini, atakutajia mninga, bawaba na kitasa. Muulize mkunga, nahodha na kocha wa makipa, kila mmoja atakuonyesha mlango wake, na hakuna hata mmoja wenye kitasa. Kiswahili hakikuhangaika na ubao, kiliangalia uwazi: penye nafasi na kitu cha kupita, hapo pana mlango. Tuihesabu kuanzia mwepesi hadi mzito. Atakayeona mpangilio huu ni wa uonevu, mlango uko wazi.

9. Mlango wa kitabu

Kabla "sura" haijashika usukani, vitabu vingi, hasa vya dini, viligawanywa kwa milango: mlango wa kwanza, mlango wa pili. Waarabu nao huiita sehemu ya kitabu *bab*, yaani mlango uleule. Jina limekaa mahali pake, maana wasomaji wengi huingia mlango wa kwanza, wakachungulia wa mwisho kujua nani kamuua nani, kisha wakatangaza kwamba kitabu wamekimaliza.

8. Milango ya fahamu

Mitano: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Wataalamu wa mwili huongeza mingine, kama ule wa ndani ya sikio unaokujulisha kama umesimama wima au unaanguka. Walevi huufunga mapema sana jioni. Mtaani kuna mwingine ambao hauko kwenye silabasi: pazia la jirani, lisilopitwa na jambo.

7. Mlango wa ukoo

Pwani, mlango ni tawi la ukoo, watu wa babu mmoja. Wamijikenda husema *mryango*. Kwa hiyo siku ya posa, mzee akikuuliza, "Mwanangu, nyinyi ni wa mlango gani?", usimjibu kuwa ni ule wa bluu, mkabala na msikiti. Anataka kujua babu yako ni nani, na kama kuna ugomvi wa shamba ambao haujaisha.

6. Mlango wa nyuma

Kazi ilitangazwa Jumatatu. Aliyeipata alianza Ijumaa iliyopita. Tuendelee.

5. Mlango wa biashara

Dar es Salaam vyumba vya maduka huhesabiwa kwa milango: jengo la milango sita, fremu ya milango miwili. Angalia mambo yalivyo: fremu ni zile mbao zinazozunguka mlango, lakini mjini imemeza chumba kizima. Dalali atakupigia: "Bosi wangu, mlango upo, barabarani kabisa!" Ukifika unapanda bodaboda kutoka barabara hiyo. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali anataka ya mwezi mmoja, na mpangaji anayehama anataka kilemba. Hujauza hata sabuni, tayari watu watatu wamepita mlangoni pako na mtaji.

4. Mlango bahari

Hapa ndipo uwazi unapovimba kichwa. Mlango Bahari wa Gibraltar, kati ya Hispania na Moroko, penye wembamba wake una upana wa kilomita 14 hivi, na bado unaitwa mlango. Lakini unaotuhusu zaidi ni Bab el-Mandeb, kati ya Yemeni na Jibuti. Hiyo *Bab* ndiyo ileile ya vitabuni, na jina zima hufasiriwa Mlango wa Machozi. Meli itokayo Ulaya kupitia Suez kuja Mombasa au Dar lazima ipite hapo. Tangu mwishoni mwa 2023, Wahouthi wa Yemeni walipoanza kuzishambulia meli katika Bahari ya Shamu, kampuni nyingi zilizungusha mizigo yao kusini kabisa, Rasi ya Tumaini Jema. Nauli ikapanda na siku zikaongezeka. Muuza vipuri akikuambia bei imepanda kwa sababu ya mlango, usidhani ni fundi wa grili.

3. Mlinda mlango

Upana mita 7.32, kimo mita 2.44. Hauna ubao, hauna komeo, na kizingiti chake ni mstari wa chokaa. Halafu mtu mmoja anakabidhiwa aulinde kwa mikono. Wenzake kumi wakikosea, lawama ni zake. Penalti inapigwa kutoka mita 11, naye sheria inamtaka awe na walau mguu mmoja kwenye mstari mpaka mpira upigwe. Kana kwamba hayo hayatoshi, kwa sheria iliyoanza Julai 2025, akiukumbatia mpira zaidi ya sekunde 8 wapinzani hupewa kona. Mlinzi gani mwingine huadhibiwa kwa kuishikilia mali aliyokabidhiwa? Wakenya angalau walimtendea haki kipa wao Mahmoud Abbas: walimwita "Kenya One". Hakuna straika aliyegawiwa nchi nzima.

2. Mlango wenyewe, wa mbao

Huu ni heshima ya Mji Mkongwe, Unguja, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Ukiusogelea unaona mbawa mbili zinazokutana kwenye mfaa, mnyororo wa kuchonga unaopanda kwenye miimo, maua juu, na misumari ya shaba iliyotokeza ncha kama inamtishia mtu. Inasimuliwa kuwa misumari hiyo ilitoka India, ambako iliwazuia tembo wasisukume milango. Unguja hakuna tembo, na kwa kweli tangu ipigwe hakuna hata mmoja aliyebisha hodi. Kazi safi sana. Ila hata seremala aliyeuchonga, na nakshi zake zote, alikuwa anapamba uwazi tu.

1. Mlango wa kizazi

Hakuna seremala aliyewahi kutengeneza kama huu. Umekaa chini ya mji wa mimba, hujifunga miezi tisa, na siku ya uchungu hufunguka mpaka sentimita 10. Mkunga huzihesabu moja moja, huku baba yuko koridoni anahesabu vigae. Sisi sote tuliozaliwa kwa njia ya kawaida tumepita hapo bila kupiga hodi.

Ajabu ni kwamba mlango huu ndio tunaoutaja kwa kunong'ona, na kunong'ona huko kunaua. Saratani yake karibu yote husababishwa na virusi vya HPV, ugunduzi uliompa Harald zur Hausen Tuzo ya Nobel mwaka 2008, na virusi hivyo vina chanjo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, Kenya mwaka 2019. Kijiweni wanasema inaharibu kizazi. Kijiweni hakuna daktari, ila bingwa hakosekani. Kwa mama na dada waliopita umri wa chanjo kuna uchunguzi: mhudumu hupaka maji mithili ya siki, akasubiri dakika chache kuona kama pana doa jeupe.

Una binti wa miaka 9 hadi 14? Mpeleke kituo cha afya achanjwe. Kwa Tanzania, tangu 2024, ni dozi moja tu, na ni bure.