Printa Iliyo Mezani, Hati Iliyo Ng'ambo

Katika baadhi ya saiba za Kitengela, ambako wakazi wa Kajiado hupigana vikumbo kuchapisha stakabadhi za ritani za kodi za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kabla ya Juni 30, printa huunganishwa kwa waya kwenye ruta, yaani kifaa kinachogawa anwani za mtandao, huku simu za wateja zikipokea Wi-Fi ya ruta ya pili yenye anwani za ukoo mwingine, hivyo majirani hao hawatambuani. Hati basi hutumwa kwa WhatsApp, ikapitia seva za ng'ambo ili ivuke meza moja. Dawa ni kuzima ugawaji wa anwani katika ruta ya pili na kuiunga kwa waya na ya kwanza kupitia tundu lake la LAN, ibaki kurusha mawimbi tu, kazi isiyogharimu shilingi. Wenye saiba, kwa hekima yao, hununua ruta ya tatu.