Bahari Imekupwa, Baba Amekwama

Watu wa mjini wana ushauri mmoja kwa kila mzazi: mtoe mtoto kwenye simu, mpeleke akaone mambo ya Mungu. Washauri hao nimewachunguza. Wengi wao watoto wao wameshaoa na kuolewa. Mwenye mtoto wa miaka minne hashauri kitu. Amechoka.

Basi nikamchukua bwana mdogo tukaenda Jambiani kwa bibi yake. Pwani ile ya mashariki ya Unguja ni pwani kweli. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hujivuta mbali mpaka kwenye mwamba, ukabaki uwanja wa mchanga na madimbwi. Na bamvua la kwetu lina ratiba: maji hupwa kwenye saa nne za asubuhi, yakajaa kwenye saa kumi alasiri. Nikapanga twende mpaka mwambani, nimwoneshe matumbawe na mashimo ya pweza, turudi kula mchana. Mipango ya watu wazima hiyo.

Mwambani hatukufika. Dimbwi la kwanza tu, ambalo hata bata asingeoga, lilikuwa na kaa. Wale wadogo wasio na nyumba, wanaojipachika kwenye koa la konokono aliyekufa, na wakikua wanahamia koa kubwa zaidi, bila dalali wala kodi ya miezi sita. Ukimgusa hurudi ndani na kuziba mlango kwa gando. Mtoto akachutama, magoti masikioni, kimya. Mtoto huyu hawezi kungoja uji upoe! Kaa alimngoja. Zikatoka nywele mbili nyembamba, zikapapasa. Yakatoka macho juu ya vijiti vyake. Ukatoka mguu mmoja. Bwana mdogo akapiga chafya, kaa akarudi ndani, tukaanza upya. Jua lote mgongoni kwangu.

"Baba, maji yameenda wapi?"

Mimi nimesoma, ati. Nikamweleza kuwa mwezi unayavuta, na jua nalo linasaidia.

"Unayavuta kwa kamba?"

"Hapana, mwanangu."

"Kwa mkono?"

"Mwezi hauna mkono."

"Sasa unavutaje?"

Newton aliliandika jambo hili mwaka 1687, dunia ikamwelewa. Lakini Newton hakuoa wala hakuzaa. Nani angemuuliza habari za kamba?

Mwenzangu akainua macho, akaona kamba za mashamba ya mwani. "Kamba hizi hapa!" Akaishika moja kwa mikono miwili, akaanza kuusaidia mwezi.

"Baba wee, mwambie huyo bwana hilo ni shamba, si bembea!" Mama mmoja huyo, maji magotini, kanga kaifunga kiunoni. Wanawake wa pwani hii wanalima mwani tangu 1989, na mwani unataka kama wiki sita mpaka uvunwe. Hawana nafasi ya kuchezewa. Nikaomba radhi. Mtoto hakuomba, aliuliza: "Bibi, wewe ndiye unayevuta na mwezi?" Bibi wa watu alicheka mpaka akashika kiuno, akampa kipande cha mwani. Kikaingia mfukoni mwa suruali, na harufu yake imo mpaka sasa, sabuni imeshindwa.

Kucheka huko ndiko kulikotuchelewesha. Maji ya kujaa hayaji kwa mbele ukayaona. Hupita kwenye vijito vya mchangani yakakuzunguka kwa nyuma. Nikambeba begani, ndoo mkononi, yeye analia kwamba kaa hakuagwa. Njiani tope likanichomoa ndara moja, na yeye yeboyebo moja ikamdondoka. Ndara yangu niliipata.

Jioni bibi yake akamuuliza kaona nini huko baharini. "Kaa." Nauli ya kwenda na kurudi, mgongo umeungua, kaa mmoja. Na kesho yake alfajiri yuko mlangoni na ndoo. Nikamwambia maji leo yatakupwa baadaye kidogo, kama dakika hamsini. Akataka kujua mwezi umechelewa wapi.

Msomaji, ukijua duka linalouza yeboyebo ya mguu wa kulia peke yake, namba 26, rangi ya buluu, nijulishe kabla ya bamvua lijalo.